Kijana wa Asmara Aliyejua Kungoja

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa Tabora huna haja ya kufundishwa baiskeli ni kitu gani. Amka alfajiri, kabla jua halijachomoza, ukasimame kando ya barabara itokayo Sikonge. Utawaona vijana wanaingia mjini. Mmoja amefunga magunia ya mkaa nyuma ya kiti, mwingine madumu ya asali, mwingine kuni zilizopangwa mpaka zimempita kichwa. Penye kilima hushuka wakasukuma. Penye mteremko hupanda, na hapo mpishe, maana breki zao si za kutegemewa.

Labda nawe umewahi kujiuliza: kijana kama huyu, akiondolewa mzigo, akapewa baiskeli nyepesi, barabara nzuri na mtu wa kumwongoza, angeweza kufika wapi? Nami nimejiuliza mara nyingi. Leo napenda kukusimulia habari za kijana mmoja wa Afrika yetu ya Mashariki aliyelijibu swali hilo mbele ya dunia nzima. Kazi yake ni ile ngumu kuliko zote katika mbio za baiskeli, yaani kufyatuka mita chache za mwisho na kuwapita watu ambao hawataki kupitwa.

JINA LA BABA YAKE

Kijana huyo anaitwa Biniam Girmay. Alizaliwa Asmara, mji mkuu wa Eritrea, tarehe 2 Aprili 2000. Wazungu wamezoea kumwita Girmay wakidhani ni jina la ukoo, kumbe kwa desturi ya kwao hilo ni jina la baba yake. Basi kila anaposhinda, ni baba anayetajwa magazetini. Baba huyo ni fundi seremala, wala si tajiri.

Asmara uko juu milimani, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Waitalia walioitawala nchi hiyo ndio walioleta baiskeli za mashindano, na mbio za kwanza za kuizunguka Eritrea zilifanyika mwaka 1946. Wakoloni walikwenda zao, mchezo ukabaki, ukawa wa wenyeji wenyewe. Kule, siku ya mashindano, barabara za mji hufungwa, na wazee, akina mama na watoto hujipanga kando ya njia kuwashangilia vijana wao. Mtoto wa Asmara huota baiskeli kama mtoto wa kwetu anavyoota mpira wa miguu.

Tena alikuwa na wa kumtazama. Mwaka 2015, Biniam akiwa na miaka 15, Waeritrea wawili, Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus, waliingia katika mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa, yaani Tour de France. Walikuwa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki mbio hizo. Daniel akavaa kwa siku kadhaa ile fulana nyeupe yenye madoa mekundu, ambayo hupewa mwenye kuongoza kwa kupanda milima. Kijana aonaye jambo kama hilo hawezi tena kuambiwa kwamba haliwezekani.

UFUNDI WA MITA MIA MBILI

Kabla hatujaendelea, yafaa tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mbio za kufyatuka ziko za namna mbili.

Za kwanza ni za uwanjani. Uwanja wenyewe ni wa mviringo, na kona zake zimeinuliwa kama kingo za bakuli ili mwendeshaji asirushwe nje. Baiskeli zake hazina breki wala gia za kubadilisha. Washindani huwa wawili tu. Mtu asiyejua akiwatazama mara ya kwanza atacheka, kwa kuwa mzunguko wa kwanza huenda polepole, hata pengine husimama kabisa juu ya baiskeli bila mguu kugusa chini, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Mbona hakuna anayetaka kutangulia? Sababu ni upepo. Anayetangulia huupasua upepo kwa kifua chake, na anayefuata hujificha mgongoni mwake na kuhifadhi nguvu. Ghafla, zikibaki kama mita 200, mmoja hufyatuka, na yote huamuliwa kwa muda wa kuvuta pumzi chache.

Bingwa wa kwanza mweusi wa mchezo huo alikuwa Mmarekani, Marshall Taylor, waliyempachika jina la Major. Mwaka 1899, mjini Montreal huko Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia. Fikiri, msomaji: mwaka huo gari la moshi lilikuwa bado halijafika Tabora. Lilifika mwaka 1912. Babu zetu walikuwa bado wakibeba mizigo mabegani, na huko ng'ambo mtu mweusi alikuwa tayari ndiye mwenye mbio kuliko wote juu ya baiskeli. Lakini ubaguzi ulimwandama maisha yake yote. Alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa maskini, akazikwa katika kaburi la mafukara lisilo na jina. Mwaka 1948 waliokuwa waendeshaji wa zamani walimzika upya kwa heshima. Heshima ilikuja, lakini yeye hakuiona.

Namna ya pili ni ya barabarani, na hiyo ndiyo ya kijana wetu Biniam. Hapa washindani huwa zaidi ya mia, na kabla ya zile mita 200 huwa wamekwisha kwenda kilometa 150, au 200, au zaidi. Siri lakini ni ile ile: ujue kujificha upepo, ujue kungoja, na ujue saa ya kutoka.

MSAFARA NA UPEPO

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu watu wa njia ya misafara. Wazee wetu wa Unyamwezi walisifiwa kuliko wote kwa upagazi. Mtu alibeba kama frasila mbili, ndiyo kilo 32 hivi, na njia ya kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilimchukua miezi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi Novemba. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Wala hakuna mpagazi aliyesafiri peke yake. Mbele alikuwapo kiongozi wa msafara, aliyejua maji yako wapi na wapi pa kulala. Aliyejaribu kukimbia mbele peke yake alikutana na kiu au na simba.

Kundi la waendesha baiskeli ni msafara kamili. Kila timu ina kiongozi wake, na wengine kazi yao ni kumkinga na upepo, kumletea maji, na kumpisha mahali pazuri saa ikifika. Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo, unapomwona mshindi ameinua mikono mstarini, ujue kwamba wako wengine sita au saba waliochoka kwa ajili yake, na majina yao hayasomwi.

Mizigo tu ndiyo imegeuka. Baiskeli ya mashindano kwa sheria haipaswi kupungua kilo 6.8. Wewe na mimi tungeweza kuinua moja kwa mkono mmoja, na magunia ya kijana wetu wa Sikonge yangetosha kuzifunika kadhaa.

SAFARI YA KWENDA ULAYA

Mwaka 2018 Biniam alipelekwa mjini Aigle, Uswisi, kwenye chuo cha shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, ambako vijana wa nchi zisizo na uwezo hupewa mafunzo. Alikuwa na miaka 18, mbali na kwao, baridi kali na chakula kigeni. Mwaka huo huo, katika mbio za vijana huko Ubelgiji, alishinda siku moja mbele ya Mbelgiji Remco Evenepoel, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Mwezi Septemba 2021, mjini Leuven, alishika nafasi ya pili katika mbio za ubingwa wa dunia kwa vijana wa chini ya miaka 23. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amepata medali ya barabarani katika mashindano hayo kabla yake.

Hata hivyo medali ya vijana ni kama shamba la mahindi mabichi. Wengi hupalilia wakaishia hapo. Swali lilikuwa, je, mbele ya wakubwa ataweza?

MWAKA 2022

Mwaka 2022 ndio uliotoa jibu. Mwezi Januari alishinda mbio moja katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Mwezi Machi akaingia katika mbio za Ubelgiji, ambazo ni tofauti na zote. Barabara zake ni nyembamba, upepo wa bahari huvuma kwa pembeni, na vilima vyake vimetandikwa mawe ya duara yanayotetemesha mifupa. Wenyeji walisema kwamba mtu asiyezaliwa huko huhitaji miaka mingi kuzijua njia hizo. Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Machi, Biniam alishiriki mbio moja ya namna hiyo na kumaliza wa tano. Mpango wake ulikuwa arudi nyumbani. Viongozi wa timu yake, walipoona matokeo hayo, wakamwomba abaki siku mbili tu ili ashiriki mbio za Gent–Wevelgem.

Basi siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi, waliondoka mjini Ypres kwa safari ya karibu kilometa 250. Baada ya vilima vyote kupita, watu wanne walichomoka wakaliacha kundi: Mfaransa Christophe Laporte, Wabelgiji Dries Van Gestel na Jasper Stuyven, na Biniam. Kundi liliwafukuza nyuma, nao wakapokezana kuupasua upepo, maana kama wangetegeana wote wangekamatwa. Kilometa ya mwisho ndipo urafiki ulipokwisha. Wakaanza kutazamana. Biniam alikaa nyuma, ametulia. Kisha akafyatuka mapema, kabla wenzake hawajatarajia. Laporte aliposhtuka akamfuata kwa nguvu zote, asimpate. Mwafrika mweusi alikuwa ameshinda kwa mara ya kwanza mojawapo ya mbio hizo kubwa za mawe. Zilikuwa zimebaki siku sita atimize miaka 22.

Sasa sikiliza alichofanya. Jumapili iliyofuata zilikuwapo mbio kubwa zaidi, za Flanders, na watu wengi walimsihi azishiriki. Alikataa. Alikuwa na mke na binti mchanga Asmara, na alikuwa hajawaona kwa miezi mitatu. Akapanda ndege akaenda kwao. Mji mzima ulitoka kumlaki.

Wako waliosema amepoteza bahati. Mimi nasema alijua kwamba mtu hupata nguvu za kufyatuka kutoka mahali fulani, na mahali hapo pana jina.

KIZIBO CHA CHUPA

Mwezi Mei aliingia katika mbio za kuizunguka Italia, ambazo huchukua majuma matatu. Mwaka huo zilianzia Hungaria. Siku ya kwanza kabisa Mathieu van der Poel wa Uholanzi alimshinda, Biniam akawa wa pili. Siku ya kumi, tarehe 17 Mei, mwisho wa safari ulikuwa mji wa Jesi, na watu hao wawili wakakutana tena mita za mwisho. Wakaenda bega kwa bega. Safari hii aliyelegea ni van der Poel, na huku akiachwa aliinua kidole gumba kumpongeza mwenzake. Kwa mara ya kwanza Mwafrika mweusi alikuwa ameshinda siku moja katika mojawapo ya mbio tatu kuu za majuma matatu.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Jukwaani mshindi hupewa chupa kubwa ya divai yenye povu. Alipokuwa akiifungua, kizibo kiliruka kwa nguvu kikampiga jicho la kushoto. Akapelekwa hospitali, na siku ya pili yake hakuweza kuendelea na mbio. Hakuangushwa na mlima wala na mshindani, aliangushwa na kizibo katika saa ya furaha. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kwa bahati njema jicho lilipona.

MIAKA MIWILI YA KUNGOJA

Usidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Mwaka 2023 aliingia katika Tour de France kwa mara ya kwanza na hakushinda hata siku moja. Mwezi Mei 2024 alirudi Italia, akaanguka mara mbili siku ya nne kwenye barabara ya utelezi, akajitoa. Minong'ono ikaanza kwamba labda ule wa 2022 ulikuwa mwaka wa bahati tu.

Hapa nakukumbusha jirani yetu wa kale. Mwaka 1872 Stanley alimwacha Livingstone katika tembe la Kwihara, hatua chache kutoka mjini kwetu, akaahidi kumpelekea wapagazi kutoka pwani. Livingstone alingoja tangu Machi mpaka Agosti. Nyumba ya ukumbusho ipo hata leo, nenda ukaione. Mtu asiyeweza kukaa miezi ile Kwihara hakuweza kusafiri katika bara hili, hata angekuwa na miguu ya swala.

Biniam naye alikaa Kwihara yake. Tarehe 1 Julai 2024, siku ya tatu ya Tour de France, kundi liliingia mji wa Turin. Karibu na mwisho baadhi ya waendeshaji walianguka. Yeye akapita salama, akakaza kandokando ya uzio, akashinda. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda siku ya Tour de France tangu mbio hizo zilipoanza mwaka 1903. Siku tano baadaye akashinda tena, na tarehe 11 Julai mara ya tatu. Akavaa fulana ya kijani, ambayo hupewa mwenye kukusanya alama nyingi kuliko wote kwa kufika mbele kila siku. Katika juma la mwisho alianguka akashonwa kiwiko na goti, na Jasper Philipsen wa Ubelgiji akawa anamkaribia kwa alama. Hakuiacha. Tarehe 21 Julai, mjini Nice, aliivua akiwa mshindi wake.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo, tukapiga makofi na kulala. Lakini lile swali la kijana wa Sikonge bado lipo.

Tukichunguza, twaona kwamba Biniam hakutoka mahali patupu. Kulikuwa na baba aliyemwacha apande baiskeli. Kulikuwa na mashindano ya watoto mjini kwao, na mji uliokubali kufunga barabara zake. Kulikuwa na kaka waliotangulia mwaka 2015, chuo kilichomwita, na wenzake wa timu waliompasulia upepo. Hiyo ndiyo minyororo ya msafara. Kijana wetu ana pingili moja tu ya mnyororo huo, nayo ni miguu. Miguu peke yake, hata iwe mizuri namna gani, huishia kubeba mkaa, na siku moja goti likiuma hakuna anayeuliza habari zake.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akipenda baiskeli usimwambie ni uhuni. Mwulize amemaliza kazi za shule, kisha mnunulie kofia ngumu ya kukinga kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Mwalimu, kipande cha barabara ya vumbi kilicho sawa na saa ya kupimia vyatosha kuwapambanisha vijana wawili wawili kwa mita 200, na haigharimu kitu. Nanyi wazee wa mtaa, mkubali kufunga njia kwa saa moja ya Jumamosi. Wenye magari watanung'unika, kisha watashuka nao kutazama.

Nawe kijana, usidanganyike na zile mita za mwisho. Picha ya mshindi ni ya sekunde kumi, na nyuma yake pana miaka ya kuamka mapema, kuanguka, kukaa mbali na wapenzi wako na kungoja. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Kigali ni jirani zetu. Wakubwa wa dunia waliendesha kwenye vilima tunavyoweza kuvifikia kwa basi, na watoto wa huko waliwaona kwa macho yao. Njia sasa inapita karibu na kwetu, kama ilivyopita zamani.

Kesho alfajiri, ukimwona yule kijana akisukuma magunia yake kilimani, msalimie, na kama una nafasi umsaidie kusukuma. Kisha mwulize anaitwa nani, mwana wa nani.